MTANDAO UKO CHINI... CHINI WAPI?

Hivi wadau, kuna sentensi iliyowahi kuwaokoa watumishi wengi Bongo kuliko hii ya "mtandao uko chini"? Haina mtenda. Haina saa ilipoanza wala saa itakapoisha. Inasemwa kama vile mvua imenyesha Uluguru, Mto Morogoro umejaa, sasa utamlaumu nani?

Juzi juzi nilikuwa kwenye ofisi moja hapa mjini (siitaji, na wala haiko peke yake). Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na mzee na mjukuu wake wa kike, wametoka Nyandira kule Mgeta. Mnaoijua njia ile mnajua: mnashuka mlima na gari la mboga hadi Sangasanga, halafu ndiyo mnaunga na barabara kuu kuja mjini. Binti alikuwa na fomu ya kujaza kwenye kompyuta na siku ya mwisho ilikuwa kesho yake.

"Shikamoo babu. Mtandao uko chini, mje kesho," akasema kijana wa dirishani.

"Marahaba. Kesho ni nauli nyingine mwanangu. Uko chini wapi?"

Kijana akacheka. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, maana wakati huo huo simu yangu ilikuwa inapokea picha za WhatsApp bila shida, na simu ya huyo kijana pia. Mtandao ulikuwa juu kabisa. Kilichokuwa chini ni kitu kingine, na swali la mzee ndilo swali la kitaalamu kuliko yote niliyoyasikia siku hiyo.

Tulichambue basi. Ukibonyeza "Tuma" kwenye kivinjari, ombi lako linasafiri hadi kwenye seva. Pale mlangoni kuna programu kama Apache au nginx inayopokea wageni. Kama unachotaka ni faili lililokwisha kuandikwa, inalichukua na kukupa, kwisha. Kama unachotaka lazima kitengenezwe papo hapo, mfano fomu yenye jina lako na salio lako, ombi linapelekwa ndani kwa mfanyakazi. Simaanishi mtu, ni kijisehemu cha programu kinachohudumia ombi moja kwa wakati mmoja. Na mfanyakazi huyu mara nyingi hana jibu kichwani. Lazima aende masjala, yaani kwenye hifadhidata, aombe faili, asubiri, arudi.

Hapo kwenye "asubiri" ndipo mambo yote yanapoharibikia.

Idadi ya wafanyakazi ina kikomo. Seva ya Tomcat, kwa mfano, isipobadilishwa mipangilio huja na 200. Hifadhidata ya MySQL nayo isipoguswa inakubali wateja 151 kwa mpigo. Sasa tufanye hesabu ya darasani. Maombi 40 yanaingia kila sekunde, kila moja linachukua nusu sekunde. Wafanyakazi wanaohitajika kwa wakati mmoja ni 40 mara 0.5, yaani 20. Raha mstarehe, 180 wamekaa wanapiga soga. (Kanuni hii ilithibitishwa na John Little mwaka 1961, wala hakuwa anafikiria tovuti. Inafaa kwa benki, kwa zahanati, na kwa chips mayai pale Msamvu.)

Halafu kitu fulani masjala kinakwama. Pengine kuna mtu ameagiza ripoti kubwa ya bosi mchana kweupe, pengine jedwali limekua hadi rekodi milioni na hakuna aliyeliwekea faharasa. Ombi la nusu sekunde sasa linachukua sekunde 10. Wanaoingia ni wale wale 40 kwa sekunde, hakuna aliyeongezeka. Lakini 40 mara 10 ni 400, na wafanyakazi ni 200. Wanamaliza maombi 20 kwa sekunde huku yakiingia 40. Foleni inaongezeka kwa 1,200 kila dakika. Ndani ya dakika chache tovuti imekufa, na kesho yake gazeti linaandika kwamba mfumo "ulizidiwa na wingi wa watumiaji". Wingi gani? Watu walikuwa wale wale!

Na sisi wateja tunafanya nini tukiona ukurasa hauji? Tunabonyeza tena. Na tena. Kila bonyezo ni ombi jipya kwenye foleni, wakati lile la kwanza bado mfanyakazi amelishika anasubiri masjala. Mara nyingi seva haijui kuwa umeondoka. Inaendelea kukuandalia jibu ambalo hakuna atakayelisoma. nginx ina namba yake maalumu ya kuandika jambo hili kwenye kumbukumbu zake, 499, maana yake mteja amekata simu kabla ya kujibiwa. Naipenda sana namba hii. Inahesabu watu waliokata tamaa.

Maana, ndugu yangu, kila ombi huandikwa. Hili ndilo watu wa mtaani hawalijui na watu wa maofisini hawapendi kulisema. Seva ina daftari lake, logi, na kwa kawaida kila ombi linapata mstari wake: saa, dakika, sekunde, ukurasa ulioombwa, na namba ya matokeo. 200 ni salama. 404 ni hakuna kitu kama hicho. 500 programu imeanguka. 503 nimeelemewa. 504 nimemsubiri mtu wa ndani hadi nimechoka. Ukiweka mipangilio kidogo inaandika pia muda uliotumika. Kwa hiyo swali la mzee wa Nyandira lilikuwa na jibu limeandikwa mahali, kwa sekunde, na hakuna aliyekwenda kulisoma.

Ofisi za Bonde la Wami/Ruvu ziko hapa hapa Morogoro. Kazi yao mojawapo ni kupima maji ya mito, ile mibao yenye namba mnayoiona imesimama mtoni. Inasomwa na kuandikwa, kiangazi na masika, watu wakigombana wakati hakuna ugomvi. Yaani, inaandikwa ugomvi uwepo usiwepo. Ndiyo maana anayetaka kujua kama mto umepungua ana pa kuanzia. Mfumo wa kompyuta unaohudumia maelfu ya watu unastahili kibao cha namna hiyo, na usomwe na wengine zaidi ya fundi mmoja mwenye nywila.

Lakini kupima nako kuna ujanja wake. Ukimuuliza meneja atakwambia "wastani wetu wa kujibu ni chini ya sekunde 2". Chukua maombi 100. Yajibiwe 95 kwa sekunde 0.2, na 5 yaliyobaki yachukue sekunde 30. Wastani ni sekunde 1.69. Meneja hajadanganya. Sasa chukua fomu yenye kurasa 10. Mtu anayejaza zote, uwezekano wake wa kukwama angalau mara moja ni kama 40 kwa 100. Wastani unamsifu meneja, na watu karibu nusu wamepata taabu. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huuliza: katika maombi 100, yale 5 ya mwisho yalichukua muda gani? Wastani mwekee mkurugenzi kwenye kalenda ya mwaka mpya.

Ujanja wa pili ni wapi umesimama unapopima. Mnaikumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024? Nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Seva nyingi siku ile zilikuwa nzima kabisa. Aliyekuwa anapima kutoka ndani ya chumba cha seva aliona taa za kijani mwanzo mwisho, wakati mwananchi anaona duara linazunguka. Siku hiyo, kwa haki, ungeweza kusema mtandao uko chini na ukaonyesha hata bahari. Kwa hiyo kipimo cha ndani hakitoshi. Weka kompyuta ndogo Kihonda, nyingine Mgeta kwenye laini ya simu ya kawaida, ijifanye mwananchi, ibishe hodi kila dakika na kuandika imejibiwa baada ya muda gani.

Na bila kipimo cha siku za kawaida huwezi hata kujua kama umevamiwa. Julai 2023 jukwaa la eCitizen la Kenya lilisumbuliwa, na serikali yao ikaeleza kwamba kuna waliojaribu kuliziba kwa kulirushia maombi mengi kuliko kawaida. "Kawaida" ni ngapi? Lazima uwe umeihesabu kabla.

Msidhani ni umaskini wetu. Marekani walizindua HealthCare.gov Oktoba 1, 2013, tovuti ya bima ya afya ya nchi tajiri kuliko zote, na siku ya kwanza waliofanikiwa kujiandikisha hadi mwisho walikuwa 6. Sita! Kikosi cha uokoaji kilipoingia, akiwemo Mikey Dickerson aliyetoka Google, kilikuta hakuna hata dashibodi ya kuonyesha nini kinaendelea ndani. Moja ya kazi zao za mwanzo ilikuwa kuweka vipimo.

Na kuna mambo tunayafanya vizuri, tusijidharau. Angalia matokeo ya NECTA yanavyowekwa: ukurasa mmoja kwa kila shule, ule wenye namba ya kituo inayoanza na S. Watu wengi wanauona ukurasa ule wa kizamani, hauna mapambo, wanaucheka. Mimi naona una akili. Ukurasa umekwisha kuandikwa kabla ya siku ya kutangaza, seva haiendi masjala kwa ajili ya kila mzazi, inatoa faili tu. Nchi nzima ikibisha hodi kwa saa moja, hiyo ndiyo njia nafuu kuliko zote. Si kila kitu kinaweza kufanywa hivyo. Tiketi ya treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Dar hadi Morogoro Juni 2024, haiwezi kuwa faili lililoandikwa jana, maana kiti kimoja kisiuzwe kwa watu wawili. Malipo ya serikali nayo yanapita GePG tangu 2017, kwa hiyo mfumo mmoja unausubiri mwingine, na huo nao unaisubiri kampuni ya simu. Ndiyo maana nasisitiza: ukisema iko chini, taja ni ngazi ipi.

Najua nitaambiwa mawili. Kwanza, hatuna fedha. Zabbix na Prometheus ni programu huria, leseni yake ni bure. Anatakiwa mtu wa kuzisimamia, naye tayari yuko kwenye orodha ya mishahara. Pili, kutangaza vipimo ni kuwapa wadukuzi mwanya. Mdukuzi anajua tovuti yako imelala kabla ya mkurugenzi wako kujua. Kutangaza kwamba kati ya saa 4 na saa 10 maombi 38 katika kila 100 yalishindikana hakumpi mtu nywila ya mtu.

Ninachotaka ni kidogo. Kila ofisi inayopokea fomu zenye siku ya mwisho iweke ukurasa wa wazi, kwenye seva tofauti na ile inayopimwa, unaoonyesha maombi yaliyoingia, yaliyoshindikana, na ilianza saa ngapi. Na kanuni za maombi ziandikwe hivi: muda wote ambao zaidi ya, tuseme, ombi 1 katika 20 limeshindikana unahesabiwa, na siku ya mwisho inasogezwa kwa kiasi hicho. Saa 6 zikipotea, dirisha linabaki wazi saa 6 zaidi, bila kusubiri mkurugenzi aite waandishi wa habari.