Tafadhali, Msiue Mvumo kwa Kukata Waya wa Ardhi

Leo nimekuja na hasira kidogo, mnisamehe. Hapa kawaida tunaongea mambo ya programu, lakini Jumamosi iliyopita niliona jambo ambalo siwezi kulinyamazia, na mimi mwenyewe nilishiriki.

Ilikuwa harusi ya binamu yangu. Mnajua ilivyo: ukishajulikana kwamba unaandika programu, basi wewe ndiwe DJ, ndiwe mtengenezaji simu, ndiwe daktari wa printa. Nikachomeka laptopu yangu kwenye amplifaya, ile aina yenye miksa ndani yake, na spika zikaanza: mmmmmmm. Ule mvumo mzito unaokaa chini ya kila wimbo kama jenereta ya jirani. Fundi wa sauti hakuumiza kichwa. Alichukua bisibisi, akafungua plagi ya amplifaya, akang'oa waya wenye milia ya kijani na manjano, akaukunja na kuuzungushia tepu. Akarudisha plagi. Kimya! Watu wakampigia makofi.

Baadaye ikafika zamu ya hotuba, nami nikachomoa kebo yangu ili niende kula. Bwana harusi akashika maikrofoni kwa mkono mmoja na mlingoti wa hema kwa mkono wa pili, nyasi zikiwa bado na maji ya mvua ya asubuhi. Akaruka. "Kumbe maikrofoni inauma!" akasema. Hema lote likacheka. Mimi wali ulinikwama kooni, kwa sababu nilielewa nilichokifanya.

Sikilizeni. Stima yetu ni volti 240 na hutetema mara 50 kwa sekunde, yaani hezi 50. Amplifaya ilikuwa imeshika ardhi kupitia plagi yake. Laptopu yangu nayo ilikuwa imeshika ardhi kupitia chaja ya pini tatu, kwenye soketi nyingine mbali kule ukutani. Kebo ya sauti ilipoviunganisha, ardhi hizo mbili zikawa kitanzi kimoja kikubwa, na ndani ya kitanzi hicho kukapita mkondo mdogo wa hezi 50. Tuseme ni miliampea 20, na kebo ile nyembamba ina ukinzani wa nusu omu: hapo tayari una milivolti 10 za mvumo juu ya muziki ambao wenyewe ni milivolti mia kadhaa. Amplifaya haijui kipi ni muziki na kipi ni takataka. Hukuza vyote.

Fundi alipokata waya wa ardhi, ni kweli kitanzi kilikatika. Lakini kuanzia hapo bodi yote ya chuma ya amplifaya, na maikrofoni pia, ilikuwa imeshika ardhi kupitia kebo yangu ya sauti peke yake. Kebo ya headifoni! Nami nikaichomoa nikafuata pilau.

Alichohisi bwana harusi ni mtekenyo tu, umeme kidogo unaovuja kawaida kwenye transfoma. Sasa fikiria waya wa moto ungekuwa umechubuka na kugusa bodi. Ardhi ikiwepo, mkondo mkubwa hukimbia na fyuzi ya ampea 13 hulipuka papo hapo. Ardhi isipokuwepo, hakuna kinachotokea. Bodi hukaa na volti 240 ikimsubiri mtu. Mwili wenye ngozi kavu una ukinzani wa karibu omu 1,500, kwa hiyo utapitisha kama miliampea 160. Hizo zinatosha kabisa kuvuruga moyo, na fyuzi ya ampea 13 haitajua hata kwamba kuna mtu anakufa.

Nilipomweleza fundi, alinijibu kwamba amefanya hivyo miaka mingi na hajaua mtu. Sawa. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maikrofoni isiyo na ardhi nzuri jukwaani huko Swansea, Wales, akafa. Mwaka 2005 mchungaji Kyle Lake alikufa akiwa ndani ya maji ya ubatizo kanisani kwake Waco, Texas, baada ya kugusa maikrofoni. Naamini mafundi wa pande zile nao walikuwa hawajaua mtu hadi siku ile.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa halali ni rahisi mno. Kwanza, chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja, ili ardhi zote zikutane mahali pamoja na kitanzi kiwe kidogo. Mara nyingi mvumo huisha au hupungua hapo hapo. Ukibaki, weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye kebo ya sauti. Muziki hupita kwa sumaku, lakini kitanzi hukatika upande wa sauti na waya wa usalama hubaki mahali pake. Hiyo ndiyo tofauti ninayoipigania: kata kitanzi kwenye sauti, usikikate kwenye stima.

Nanyi watengeneza programu wenzangu msicheke, maana tuna dhambi yetu. Sisi husema, "Tutausafisha kwa kichujio." Jaribu uone. Mvumo haukai kwenye hezi 50 pekee. Unakuja na watoto wake, 150, 250 na kuendelea. Ukiamua kukata kila kitu chini ya 100, umeua gitaa la besi, ambalo uzi wake mzito hulia kwenye hezi 41. Isitoshe, mvumo unaozaliwa ndani ya amplifaya haujawahi kupita kwenye laptopu yako. Utauchujia wapi?

Tarakilishi ifanye kazi inayoiweza: uchunguzi. Rekodi mvumo kwa sekunde kumi, ufungue kwenye Audacity na utazame grafu ya masafa, ukichagua ukubwa wa 16384 ili uone vizuri. Kilele kikubwa kikiwa kwenye 50, tafuta kitanzi, au kebo iliyolala kando ya transfoma. Kikiwa kwenye 100, shida ni usambazaji wa umeme ndani ya amplifaya, kwa sababu dayodi nne hugeuza 50 kuwa 100. Mara nyingi ni kapasita zilizokauka kwa joto. Kapasita ya mikrofaradi 4,700 ikilisha mkondo wa ampea moja huacha wimbi la volti 2 hivi. Ikinyauka hadi 1,000, wimbi linafika volti 10. Kwa ugonjwa huo hata ukate waya wa ardhi wa mtaa mzima, mvumo utabaki. Badilisha kapasita. Na hiyo ni kazi ya fundi anayejua kuzimwaga umeme kwanza.

(Ninyi mnaofungua soketi kwa kalamu ili kuingiza plagi ya pini mbili, siku yenu inakuja.)

Jumapili nilimpigia fundi, nikampa pole kwa kumgombeza mbele ya watu, kisha nikamwomba anipe dakika tano na ile plagi. Alikubali. Waya umerudi mahali pake, na transfoma ya kutenganisha nimemwachia kwenye kisanduku chake cha kebo. Ana harusi nyingine Jumamosi hii.