Somo la Dakika 25: Wajapani Wanatufunza Nini Kuhusu Hofu ya Lugha?



Inapofika saa tisa alasiri hapa Kampala, nawe ukihesabu dakika zilizobaki kabla ya kengele ya mwisho kulia, kule Tokyo ni saa tatu usiku. Mfanyakazi wa ofisi amekwisha kupanda treni na kurudi nyumbani, amekula chakula cha jioni, na sasa anafungua kompyuta yake. Kwenye skrini anatokea mwalimu aliyeko Manila au Cebu, nchini Ufilipino, na kwa dakika 25 wawili hao wanazungumza Kiingereza: habari za kazi, hali ya hewa, makala fupi ya gazeti. Dakika zikiisha wanaagana, na mwalimu anampokea mwanafunzi mwingine.

Huenda ukauliza: hayo yanamhusu nini mtu anayejifunza Kiswahili nchini Uganda? Kwa maoni yangu, yanamhusu sana. Naamini kwamba kinachotuzuia wengi wetu kusema Kiswahili si ugumu wa ngeli wala uchache wa vitabu, bali ni hofu ya kuchekwa. Wajapani wameijua hofu hiyo kwa miaka mingi, na njia waliyoitafuta inatufundisha mambo mawili: moja la kuiga, na moja la kutahadhari nalo.

Si kwamba Wajapani hawafundishwi Kiingereza shuleni. Karibu kila kijana anayemaliza shule ya sekondari ya juu amekisoma kwa muda usiopungua miaka sita. Tangu 1987 serikali yao imekuwa ikiwaleta vijana kutoka nchi za nje, kupitia mpango uitwao JET, ili wawasaidie walimu darasani. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2020, Kiingereza kimekuwa somo rasmi tangu darasa la tano la shule ya msingi. Hata hivyo, wapo wengi wanaoweza kusoma barua ndefu ya Kiingereza, lakini mgeni akiwauliza njia barabarani, midomo hufungana. Sababu mojawapo ni mtihani. Kwa muda mrefu mtihani ulipima sarufi, tafsiri na ufahamu wa maandishi. Haukumpima mtu akizungumza. Nalo jambo lisilopimwa, wanafunzi hulipuuza. Sababu nyingine ni haya: kukosea mbele ya wenzako ni aibu, na aliyenyamaza hajakosea.

Ndiyo maana biashara ya shule za mazungumzo, ambazo kwa Kijapani huitwa eikaiwa, ilistawi mno. Iliyokuwa kubwa kuliko zote, NOVA, ilifilisika mwaka 2007. Maelfu ya walimu wa kigeni walibaki bila mishahara yao, na wanafunzi waliokuwa wamelipa ada mapema wakapoteza fedha zao. Mwaka huohuo ilianzishwa kampuni ya RareJob, iliyowaunganisha Wajapani na walimu wa Kifilipino kwa njia ya intaneti. Nyingine zikafuata. Gharama ilikuwa ndogo, mwanafunzi hakuhitaji kusafiri, na saa za Manila hutofautiana na za Tokyo kwa saa moja tu.

Hapa pana jambo ninalotaka ulizingatie. Ufilipino ilitawaliwa na Marekani tangu 1898 hadi 1946, na katiba yake ya 1987 inakitambua Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kifilipino. Lakini kwa wengi wa walimu hao, Kiingereza si lugha ya mama. Walikikuta shuleni, kama wewe ulivyokikuta Kiswahili. Mwanzoni walikuwapo Wajapani walioona kwamba mwalimu halisi sharti atoke London au New York. Wengi wakaja kutambua kwamba mtu aliyejifunza lugha kwa jasho anafahamu mahali mwenzake atakapojikwaa, kwa maana naye alijikwaa papo hapo. Basi usimsikilize anayekuambia kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa Unguja na Tanga peke yao. Lafudhi yako ya Masaka, ya Gulu au ya Mbale si ugonjwa wa kutafutiwa dawa.

Tena Wajapani wanafanana nasi kuliko unavyodhani. Lugha yao, sawa na Kiswahili, ina irabu tano: a, e, i, o, u; na takriban kila silabi yao huishia kwa irabu. Neno la Kiingereza lenye konsonanti mwishoni wao huliongezea irabu, nasi twaliongezea. Sisi tulipata basi, wao wakapata basu. Sisi tulipata hoteli, wao wakapata hoteru. Nao hawatofautishi sauti ya l na ya r, hivyo mwanafunzi wa Kijapani akitaka kusema kwa Kiingereza kwamba anakula wali, hujikuta amesema anakula chawa.

Ukicheka, kumbuka ya kwetu. Katika Kiganda, r hutokea baada ya irabu e na i, na kwingineko hutokea l. Kwa hiyo Mganda anayeliona neno kura huvutwa na lugha yake ya mama kutamka kula, maana sauti iliyotangulia ni u. Miaka michache iliyopita, katika kipindi kuhusu wajibu wa raia, mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili alisimama akasema kwa sauti nzuri: "Raia mwema hupiga kula." Darasa zima likaangua kicheko. Nami, mwalimu wao, nilitabasamu. Msichana yule aliketi, na hadi muhula ulipomalizika hakuinua mkono tena. Nilimpa alama za maandishi, nazo zilikuwa nzuri. Lakini sauti yake niliipoteza mimi. Kosa lake lilikuwa la sauti moja, nalo lina sababu inayoeleweka kisayansi. Kosa langu lilikuwa kubwa zaidi, na halikuwa la sarufi.

Sasa tazama somo la dakika 25 lilivyo. Mwanafunzi yuko peke yake na mwalimu mmoja. Hakuna wa kucheka. Akikosea, kosa husahihishwa na mazungumzo huendelea. Mwalimu mwenzangu, anayefundisha Kiingereza katika shule ya jirani, aliwahi kuifanya kazi hiyo wakati wa jioni zake. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa mzee mstaafu wa Kijapani. Siku ya kwanza alimwuliza swali, mzee akanyamaza. Mwenzangu akadhani intaneti imekatika, akalirudia swali, kisha akauliza jingine jepesi zaidi. Mzee akazidi kuchanganyikiwa. Mwishowe mzee akaeleza kwamba alikuwa akiijenga sentensi yake hadi ikamilike kichwani ndipo aitoe, na kila swali jipya lilimbomolea jengo. Tangu siku hiyo, mwenzangu alipouliza swali alihesabu kimoyomoyo hadi kumi. Anasema hesabu hiyo ndiyo mbinu bora aliyowahi kujifunza tangu alipotoka chuo cha ualimu. Nimeiiga darasani mwangu, na nimewasikia wanafunzi ambao sikujua kwamba wana sauti.

Hilo ndilo la kuiga: tafuta mahali pa kukosea bila kuaibishwa. Huhitaji kampuni ya Tokyo. Mna simu, na mna wenzenu Nairobi, Arusha na Bujumbura. Wawili wakikubaliana kuzungumza Kiswahili dakika 25 kila Jumamosi, bila kuchanganya Kiingereza wala Kiganda, baada ya muhula mmoja watashangaa. Na kifurushi cha data kikiwa ghali, kaeni chini ya mwembe. Dawa haimo kwenye skrini, imo katika usikivu wa mtu mmoja asiyecheka.

La kutahadhari nalo ni hili. Mwenzangu yule aliiacha kazi. Alilipwa kwa kipindi, si kwa mwezi. Maandalizi hayakulipwa. Umeme ulipokatika mtaani kwake, kipindi kilihesabiwa kuwa amekosa kufika, na malipo yakakatwa. Baada ya kila somo mwanafunzi alimpa nyota, na nyota zikipungua, wanafunzi nao walipungua. Hakuwa na mkataba wa ajira, likizo ya ugonjwa, wala mtu wa kumpelekea malalamiko. Baadhi yenu mtakuja kufundisha Kiswahili kwa njia hiyo. Wanaokihitaji wapo: huko Japani kwenyewe, Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wa Kiswahili. Nendeni, lakini kwanza ulizeni: mkataba uko wapi? Nani hubeba hasara umeme ukikatika? Nani hunisikiliza nikionewa? Kuuliza si ujinga, na raia anayejua haki zake huuliza kabla ya kutia sahihi.

Vilevile, soko haliwezi kuachiwa wajibu wa shule. Serikali ya Japani ilikuwa imepanga kutumia mitihani ya Kiingereza ya mashirika ya binafsi, ambayo hupima pia kuzungumza, katika kuwachagua wanafunzi wa vyuo vikuu. Novemba 2019 mpango huo uliahirishwa, na baadaye ukaachwa kabisa. Miongoni mwa malalamiko yaliyouangusha ni kwamba ungewaonea watoto wa familia zenye kipato kidogo na wale wa mbali na miji, wasioweza kulipia mitihani hiyo mara kwa mara wala kusafiri kuifanya. Mwenye fedha angenunua ulimi, na asiye nazo angebaki bubu. Wananchi waliona dhuluma hiyo wakaisema, na serikali ikasikia.

Nasi tuna jambo la namna hiyo mbele yetu. Kiswahili kilitajwa katika katiba yetu kuwa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya 2005. Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini uamuzi haufundishi. Mwalimu ndiye hufundisha. Kama walimu hawatatosha, Kiswahili kitakuwa lugha ya mtoto ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia masomo ya ziada. Na kama tutakifundisha kwa mtihani wa maandishi peke yake, tutawapata vijana wanaopanga ngeli bila kosa lakini wakifika mpakani Malaba au Mutukula wanakosa neno la kumwambia afisa.

Wazee wengi wa nchi hii walikisikia Kiswahili kwanza kinywani mwa askari, kikiwa lugha ya amri, na aliyeamriwa hakutakiwa kujibu. Kizazi chenu kina nafasi ya kukifanya lugha ya kujibu na kuuliza: kumwuliza diwani fedha za barabara ziko wapi, kuzungumza na mfanyabiashara wa Mwanza bila mkalimani, kusimama katika mkutano na kusema sikubaliani. Nafasi hiyo haimsubiri mtu hadi lugha yake ikamilike. Mzee yule wa Kijapani alijenga sentensi zake polepole, nyingine zikaanguka, lakini alizitoa.

Basi nakuomba mambo mawili wiki hii. Kwanza, sema Kiswahili mbele ya mtu mmoja kwa dakika 25, ukikosea uendelee. Pili, mwenzako akisema darasani kwamba atapiga kula, usicheke. Hesabu hadi kumi, kisha umsikilize anataka kumpigia nani, na kwa sababu gani.