Imani ya Mwanafunzi wa Tiba Ionekane Wapi?

Kijana anayeondoka Mgwashi, katika Halmashauri ya Bumbuli wilayani Lushoto, kwenda kusomea uuguzi au utabibu huchukua mizigo miwili. Wa kwanza ni sanduku la nguo. Wa pili haupimwi kwa mizani: kipaimara, kwaya ya vijana, sala ya nyumbani kabla ya kulala. Afikapo chuoni hupokewa na washauri wa namna mbili. Wako wanaomwambia aiache imani mlangoni mwa darasa, kwa kuwa sayansi haina dini. Wako pia wanaomhakikishia kwamba kufunga na kuomba kutatosha hata pale ambapo kitabu hakikufunguliwa.

Wengi hawawafuati hawa wala wale. Huyagawa maisha yao: Jumapili ya Mungu, Jumatatu ya mitihani. Mgawanyo huu ni wa hatari kuliko ushauri wote wawili, kwa sababu hauna kelele. Kiongozi wa kwaya anaweza kunakili majibu ya somo la dawa pasipo kuhisi kwamba amekosea jambo la kiroho. Lakini anayeiba alama za somo hilo ndiye atakayekokotoa dozi ya mtoto mchanga kesho, na nukta ya desimali ikikaa mahali pasipo pake, dozi huzidi mara kumi. Kwa mwanafunzi wa tiba, kukesha na kitabu ni ibada kamili, na hakuna sababu ya kuihesabu kuwa ndogo kuliko mkesha wa maombi.

Milima ya Usambara haikuujua mgawanyo huo. Washambaa wa kale walipozungumzia *kuzifya shi*, yaani kuiponya nchi, walikusudia mvua, chakula, amani na afya kwa pamoja. Wamisionari nao walipofungua kituo cha Lutindi mwaka 1896, kilikuwa makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 kikaanza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao kwingine walifungwa kamba au kuachwa porini. Wamisionari hao walikuja katika kivuli cha ukoloni, na hilo halifai kufichwa. Hata hivyo, katika wodi za Lutindi imani iliulizwa swali ambalo mahubiri peke yake hayalijibu: nani atamwogesha mtu huyu, atamlisha, na kumpa kazi ya mikono inayomrudishia heshima? Chuo kilichofunguliwa Magamba mwaka 2007 na kupewa jina la Askofu Sebastian Kolowa kilifuata mkondo huohuo kilipoweka mkazo katika kuwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu.

Jaribio halisi la imani ya mwanafunzi huja na mgonjwa wa kifafa. Mama humleta binti ambaye kwa miezi kadhaa hakuanguka, kwa kuwa alimeza dawa kila siku. Kisha akaombewa, akatangazwa kuwa amepona, dawa zikaachwa ghafla. Sasa degedege limemshika mfululizo, na hali hiyo huweza kuua. Mwanafunzi asiye na habari na dini atamkemea mama kwa ujinga, na mama hatarudi tena kliniki. Mwanafunzi mwenye imani isiyopitia darasani ataingiwa na woga wa kuupinga muujiza. Anayehitajika kitandani pale ni yule awezaye kusema kwa utulivu, akieleweka kwa lugha zote mbili: “Mama, endelea kuomba, wala kidonge usikiache. Siku ya kukipunguza ikifika, daktari atakipunguza taratibu.”

Tanzania imekwisha kulipia somo hili. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Miongoni mwao walikuwamo wenye kisukari na wenye virusi vya ukimwi walioacha dawa zao. Wahudumu wa afya Wakristo walikuwa na nafasi ya pekee ya kusema, maana wangesikilizwa na waumini wenzao. Si wote walioitumia. Baadhi walipanda magari pamoja na wagonjwa.

Kuna mpaka mwingine usiosemwa sana. Lushoto ni nchi ya Waislamu na Wakristo wanaoishi mlango kwa mlango. Mgonjwa aliyelala na sindano mkononi hana uhuru wa kuondoka mahubiri yasipompendeza. Kumhubiria asipoomba ni kuutumia udhaifu wake. Akiomba sala, aombewe. Akimtaka shehe wake, aitwe.

Vyuo vya tiba vya kanisa vina makanisa na ratiba za ibada, nazo ni njema. Kinachopungua ni kumkaribisha mchungaji wa hospitali katika majadiliano ya wagonjwa, akae kando ya mwalimu wa famasia, kesi ya binti wa kifafa ichambuliwe mbele ya wanafunzi. Na katika historia ya mgonjwa, baada ya swali la dawa anazotumia, wafundishwe kuongeza jingine, kwa sauti isiyo na hukumu: “Je, yupo aliyekushauri uziache?”