Mwanamke wa Wajir Aliyewangoja Wagonjwa Wamalize Dawa

Mjini Kamembe, mahali ambapo barabara huteremka kuelekea Mto Rusizi na mji wa Bukavu huonekana ng'ambo, siku huanza mapema. Wanawake wenye mabeseni ya sambaza na vikapu vya mboga huvuka mpaka kabla jua halijawa kali, na wengi wao hurejea jioni. Mmoja wao akishikwa na kifua kikuu, igituntu kama wasemavyo Wanyarwanda, shida yake kubwa si kupata dawa, kwani nchini Rwanda dawa hizo hutolewa bila malipo. Shida ni ile miezi 6 ya kuzimeza. Ni nani atakayehakikisha kwamba mtu wa safari za kila siku hakosi dozi yake? Kwa sababu hiyo mgonjwa huzimeza mbele ya mtu mwingine, ama mhudumu wa kituo cha afya, ama mjumbe wa afya aliyechaguliwa na majirani kijijini, na alama hutiwa kwenye kadi.

Utaratibu huo, ambao leo huonekana kuwa jambo la kawaida kabisa, una wazazi wengi. Mmoja wao alikuwa mwanamke ambaye hakuwa daktari wala hakupokea mshahara, naye aliufanyia kazi mbali na Ziwa Kivu, katika nchi kavu ya kaskazini-mashariki ya Kenya. Jina lake ni Annalena Tonelli.

Marehemu Bibi Tonelli alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Forlì, Italia, akasomea sheria. Angeweza kuishi kwa taaluma hiyo bila tabu. Badala yake aliwahudumia maskini wa mji wake, na mwaka 1969 akafika Kenya kufundisha. Mwaka uliofuata alihamia Wajir. Hakuwa mtawa, wala hakutumwa na shirika lolote. Aliishi kwa michango ya jamaa na marafiki waliobaki Forlì. Kwa watu wa Wajir, ambao ni Waislamu na wafugaji wa ngamia, mgeni huyo alikuwa kitendawili: mwanamke kijana, mzungu, Mkristo, asiye na mume wala mtoto. Walimtazama kwa mashaka, naye alijifunza Kisomali na kuendelea kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa waliokuwa wameachwa na kila mtu.

Wengi wa hao walikuwa na kifua kikuu. Siku hizo matibabu ya maradhi hayo yalichukua mwaka mzima au mwaka na nusu, kwa sindano na vidonge. Mfugaji alilazwa, akapata nafuu baada ya wiki chache, kikohozi kikatulia. Kisha akasikia kwamba mvua imenyesha upande fulani na jamaa zake wanahamisha mifugo. Angebaki kitandani kwa sababu gani? Aliondoka, na baada ya miezi kadhaa ugonjwa ulirudi kwa nguvu zaidi, pengine ukiwa umeshika na watoto wake. Hivyo likaenea neno kwamba wahamaji hawatibiki.

Bibi Tonelli hakulikubali neno hilo. Mwaka 1976 alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kuwatibu wahamaji wa kifua kikuu, na jibu lake lilikuwa rahisi mno hata mtu hushangaa kwamba halikufikiriwa mapema. Aliwaambia wagonjwa waje na mikeka yao na miti yao, wajenge vibanda vyao kwenye uwanja wa mchanga uliokuwa mbele ya kituo alichokuwa akiwahudumia walemavu, na wakae hapo pamoja na watu wao kwa muda wa tiba mpya ya miezi 6. Mahali hapo pakaitwa manyatta ya kifua kikuu. Mgonjwa hakufungiwa wodini kati ya kuta asizozizoea. Alilala katika nyumba ya desturi yake, na kila siku alimeza dawa zake mbele ya macho ya mhudumu. Wahamaji wakatibika.

Si yeye peke yake aliyeshughulika na jambo hili, na haki yapasa itendeke kwa wengine pia. Nchini Tanzania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, Dakta Karel Styblo na wenzake waliusimamisha mpango wa taifa zima ambao ulidhihirisha kwamba nchi maskini inaweza kuponya kifua kikuu kwa matibabu yenye usimamizi. Katikati ya miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani liliutangaza mfumo huo ulimwenguni kote. Lakini manyatta ya Wajir ilikuwa imekwisha kutoa ushahidi wake mahali palipodhaniwa kuwa pagumu kuliko pote.

Ukurasa huu husomwa na askari na jamaa zao, na kwa ajili hiyo jambo linalofuata halifai kupitwa upande. Mwezi Februari 1984, katika operesheni ya vikosi vya usalama, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, wakazuiliwa huko siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ya wakati ule ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya Kenya, katika ripoti yake ya mwaka 2013, ilisema huenda idadi yao ilikaribia 1,000. Bibi Tonelli alitoka na magari kwenda kuwaokota majeruhi na kuzika maiti, naye ni miongoni mwa waliofanya habari hizo zifike nje. Mwaka 1985 ilimbidi aondoke Kenya. Askari ajuaye kazi yake anafahamu kwamba majeruhi hana upande. Siku ile raia mmoja asiye na silaha ndiye aliyelikumbuka hilo.

Kutoka hapo alikwenda Somalia, akahudumia Beledweyne, Mogadishu na Merca, hata vita vilipopamba moto. Alipoondoka Merca, kituo chake cha kifua kikuu kilichukuliwa na daktari Mwitalia, Graziella Fumagalli, ambaye aliuawa hapo hapo kwa risasi mwezi Oktoba 1995. Mtu mwingine angerudi kwao. Bibi Tonelli alikwenda kaskazini, na mwaka 1996 akaanza tena katika mji wa Borama, kwa hospitali ya kifua kikuu. Akaongeza shule ya watoto viziwi, akaleta madaktari wa macho, akapiga vita ukeketaji wa wasichana. Alipoanza kuwapokea wagonjwa wa UKIMWI, baadhi ya watu waliandamana na kurusha mawe wakidai kwamba anauleta ugonjwa mjini. Aliendelea kuwapokea.

Hofu ya namna hiyo haikai Borama peke yake. Katika nyumba za kambini, ambako familia huishi karibu karibu, baba mwenye kikohozi huogopa kuitwa mgonjwa wa kifua, naye hununua dawa ya kutuliza koo wiki baada ya wiki. Kikohozi kilichopita wiki 2 kinahitaji kupimwa makohozi, na watoto wa nyumba hiyo nao wachunguzwe. Na askari aliye katikati ya matibabu akipata uhamisho, aiage zahanati kama anavyomuaga mkuu wake: kadi yake aichukue, na kituo kipya kijulishwe kabla hajaondoka. Uhamisho ni kuhama, na yaliyomtokea mfugaji wa Wajir yanaweza kumtokea yeye vilevile.

Mwezi Juni 2003 Bibi Tonelli alipewa Tuzo ya Nansen, ambayo Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi huitoa kwa waliotumikia wakimbizi, pamoja na dola 100,000. Alikwenda Geneva kuipokea, kisha akarudi kwa wagonjwa wake. Jioni ya Oktoba 5 mwaka huohuo alipigwa risasi katika uwanja wa hospitali yake na akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 60.

Hospitali ya Borama haikufungwa. Wagonjwa waliendelea kupanga mstari kumeza dawa mbele ya wauguzi, na hospitali ikapewa jina lake.