Gesi ya friza ikivuja, fedha nazo zinavuja

Mwenye bucha akiulizwa ni kitu gani kinachomnyima usingizi, atataja bei ya ng'ombe mnadani, kisha atataja umeme. Ni nadra kumsikia akitaja gesi iliyomo ndani ya friza yake. Wakati umefika aitazame, kwani inagusa mfuko wake, na inagusa pia mvua na malisho ambayo mfugaji anayemuuzia ng'ombe anayategemea.

Wapo wanaosema kuwa, kwa vile majokofu yanachangia ongezeko la joto duniani, ni afadhali tubaki na nyama ya kuchinja alfajiri na kuuza siku hiyo hiyo. Sikubaliani nao. Sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa unaotokana na nyama ya ng'ombe huanzia malishoni. Ng'ombe anapocheua hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 huleta joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Nyama ikioza na kutupwa, uchafuzi huo umekwisha kutokea bure na mtaji umekwenda. Jokofu linalookoa nyama si adui. Adui ni jokofu bovu.

Ubovu mkubwa ni kuvuja. Vyumba vingi vya baridi, malori ya nyama na friza za biashara hutumia gesi iitwayo R-404A. Kilo 1 ya gesi hiyo ikitoka hewani huleta joto sawa na takriban kilo 3,900 za hewa ukaa. Hiyo ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 1,400 za dizeli!

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi wanapoliwa. Gesi ya friza haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na kama hakuna tundu inaweza kudumu maisha yote ya mashine. Fundi anayekuja kila baada ya miezi michache "kuongeza gesi" bila kutafuta panapovuja anakuuzia kitu kile kile mara mbili, mara tatu. Wakati huo huo, mashine yenye gesi pungufu hunguruma kutwa kucha, ikila umeme huku nyama ikilegea. Mdai fundi atafute tundu, hata kwa povu la sabuni, alizibe, ndipo ajaze. Na gesi ya zamani aivute kwenye mtungi, asiiachie hewani.

Unaponunua friza, soma kibandiko chake. Ukiona R-290 au R-600a, joto lake halifiki hata mara 5 ya hewa ukaa. Gesi hizo ni za jamii moja na gesi ya kupikia, hivyo zinawaka, na asiziguse fundi asiyezijua. Ukiona R-404A katika friza ya mtumba, fikiri mara mbili. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kuingiza sokoni friza mpya za biashara za gesi hiyo tangu mwaka 2020. Zile kuukuu lazima ziende mahali, na rahisi haikosi kasoro.

Oktoba 2016, mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo hatua kwa hatua. Nchi nyingi zinazoendelea, zikiwamo zetu za Afrika Mashariki, zilipangiwa kusimamisha ongezeko la matumizi kuanzia mwaka 2024, kisha kupunguza. Anayenunua friza ya gesi hizo leo ajue kwamba kesho huenda akaitafuta gesi yenyewe kwa bei ya kuruka.

Serikali nayo isiishie kutia saini. Ipunguze kodi ya majokofu yenye gesi salama, iwafundishe mafundi wa mitaani na kuwapa vyeti, na ikague mitumba inayoshushwa bandarini. Mwenye bucha hawezi kubeba mzigo huu peke yake. Lakini la kuziba tundu liko mikononi mwake, na faida yake ataiona kwenye umeme wa mwezi ujao.