KICHWA NA DAFTARI

Wapo wakubwa wa kazi waaminio kwamba fundi wa kompyuta akifungua kitabu mbele ya mtambo, basi hajui kazi. Kijana aombaye kazi huulizwa amri za mtambo moja moja, kama mtoto wa chuoni asikilizwaye juzuu; akisahau herufi moja, hukataliwa. Sisi tunasema kipimo hicho si cha haki, tena chaidhuru kazi yenyewe.

Wananchi wa Kigoma wanao ushahidi ziwani mwao. Meli ya Liemba, iliyoitwa kwanza Graf Goetzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa reli. Ikashushwa majini tarehe 5 Februari, 1915. Ni fundi gani awezaye kuhifadhi kichwani yaliyomo katika masanduku 5,000? Kazi kama hiyo yataka michoro na orodha.

Lakini tarehe 26 Julai, 1916, Wajerumani walipoizamisha meli hiyo isitekwe na adui, mafundi waliipaka mitambo grisi kwanza. Adui akiwa karibu, hapana nafasi ya kupekua vitabu. Hapo fundi hutenda alijualo. Meli iliopolewa mwaka 1924, mitambo ikaonekana bado yafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba.

Fundi atunzaye kompyuta za bandari, hospitali au halmashauri ana mizigo hiyo miwili. Amri za mitambo ni nyingi mno, tena hubadilika kila litokapo toleo jipya. Amri moja ya kufuta, iliyoandikwa kwa kukumbuka nusu nusu, yaweza kuangamiza hesabu za mwaka mzima. Kusita na kutazama si ujinga, ni uaminifu. Hata hafidhi wa Ujiji, aliyehifadhi Kurani nzima, hauachi msahafu wake ukaota vumbi.

Hata hivyo, hatukubaliani na wasemao kwamba siku hizi hapana haja ya kuhifadhi lolote, kwani intaneti yajua yote. Tarehe 12 Mei, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota nchini. Fundi ambaye elimu yake yote iko mtandaoni, siku kama hiyo atamsaidia nani? Ni lazima ajue kwa moyo jinsi mtambo wake ufanyavyo kazi, nakala za akiba ziliko, namna ya kuzirudisha, na pa kuanzia kutafuta hitilafu. Mengine yote yaandikwe kwa lugha iliyo wazi katika daftari la kazi, nalo likae karibu na mtambo.

Ndugu mafundi, msiifiche elimu ili mwonekane hampatikani wengine kama ninyi. Ajuaye peke yake akistaafu au akihamishwa, ofisi hubaki yatima.

Nanyi wakubwa, mkitaka kumpima kijana, mpeni mtambo mbovu na vitabu vyake, kisha mtazameni atafutavyo. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Elimu ya wafanyakazi wetu ni mali ya taifa, tusikubali ipotee.