Kashata Moja, Vinywa Kumi na Viwili

Juzi jioni nilikuwa kijiweni Kariakoo, karibu na Mtaa wa Kongo, napiga kahawa chungu na mshikaji wangu muuza mapazia. Kwao ni Wete, Pemba. Kila uchaguzi anafunga duka, anapanda boti kwenda kupiga kura. Mimi napanga foleni hapa hapa Ilala.

Nikamchokoza: “Bwana wee, kura yako ni nzito kuliko yangu mara kumi na mbili!”

Akacheka, akadhani nimeanza zangu. Nikaazima kalamu, nikaandika nyuma ya boksi.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Majimbo yao ya Bunge la Muungano ni 50. Gawanya: mbunge mmoja kwa watu kama 37,800. Dar es Salaam tulihesabiwa 5,383,728. Mwaka 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatuongezea Kivule na Chamazi, tukafika majimbo 12. Gawanya: mbunge mmoja kwa watu kama 448,600. Yaani kashata anayoila yeye peke yake, huku tunaing'ata kumi na wawili! Tena kwao ana na mwakilishi kwenye Baraza la Wawakilishi.

Akaweka kikombe chini. “Sikiza yakhe. Mwaka 1964 sie tuliingia Muungano nchi kamili, si mkoa. Ukihesabu vichwa tu, katika majimbo 272 twapata manane. Hao wanane watasema nini mbele ya 264?”

Duh! Nikanywea. Hata Marekani, Wyoming isiyofika watu laki sita ina maseneta wawili, sawa na California yenye karibu milioni 40. Ila wenzetu wana mabunge mawili, na lile la pili linafuata vichwa. Sisi tunalo moja tu.

Nikageuza boksi. Ukitoa Dar, Bara imebaki na majimbo 210, mbunge mmoja kwa watu kama 259,400. Hao nao waliingia Muungano na nchi yao? Najua, Katiba inasema jiografia na mawasiliano yaangaliwe, na majimbo ya vijijini ni mapori na mito. Sawa. Lakini yule mama wa Mbagala aliyepanga chumba kimoja na wanawe wanne, maji ya mvua yako mlangoni, naye ana shida ya kupeleka kwa mbunge. Kwake njia si tatizo, daladala zipo. Tatizo ni watu laki nne na ushee waliopanga foleni pamoja naye.

Mshikaji akalipia kahawa zote mbili. “Fidia ya kura yako hiyo,” akasema.

Nikapokea, ingawa ninayemdai si yeye.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.